Hatari ikikokotwa haipungui

Tarehe 28 Aprili, 2018, tishari kubwa lisilo na mashine ya kulisukuma liliondoka St. Petersburg, nchini Urusi, likikokotwa na matagi. Tishari hilo, lililopewa jina la Akademik Lomonosov kwa heshima ya mwanasayansi mashuhuri wa Kirusi wa karne ya 18, lina urefu wa mita 144 na upana wa mita 30. Tumboni mwake mna vinu viwili vya nyuklia vyenye uwezo wa kuzalisha megawati 70 za umeme kwa jumla. Lakini siku ile vinu hivyo vilikuwa vitupu. Havikuwa na fueli hata kidogo. Sababu ya kuwa vitupu ndiyo inayostahili kuchunguzwa na kila mtu anayetaka kuelewa jambo hili, kwa maana umo humo ukweli mzima kuhusu mitambo ya nyuklia inayoelea.

Mpango wa awali ulikuwa kwamba fueli ingepakiwa hapo hapo St. Petersburg, na vinu vingejaribiwa vikiwa gatini katika mji wenye watu zaidi ya milioni tano. Wakazi wakapinga. Nchi zinazopakana na Bahari ya Baltiki, pamoja na Norwei, zikahoji kwa nini chombo chenye fueli ya nyuklia na kisicho na injini kipitishwe mbele ya pwani zao. Hatimaye, Julai 2017, Rosatom, ambalo ni shirika la serikali ya Urusi lenye dhamana ya mambo ya nyuklia, likatangaza kuwa fueli itapakiwa Murmansk, kaskazini kabisa. Murmansk ni mji wa watu wasiofika laki tatu. Baada ya kupakiwa fueli na kujaribiwa huko, tishari likakokotwa tena mwezi Agosti 2019, safari ya karibu kilomita 5,000 kufuata pwani ya Bahari ya Aktiki, mpaka Pevek katika jimbo la Chukotka. Pevek ni mji wa watu wasiozidi elfu tano.

Milioni tano, laki tatu, elfu tano. Hiyo ndiyo njia iliyofuatwa na tishari hilo. Katika safari yote hiyo hatari haikupungua hata chembe. Kilichopungua ni idadi ya watu wenye uwezo wa kusema hapana.

HOJA ZA WATETEZI

Watetezi wa mtambo huo wanazo hoja, na haifai hoja hizo zipuuzwe. Wanasema kwamba Chukotka ni nchi ya baridi kali, iliyo mbali na gridi kuu ya Urusi, ambako makaa ya mawe na dizeli hufikishwa kwa gharama kubwa. Pevek ulikuwa ukitegemea kituo kikuukuu cha makaa ya mawe, na eneo lile kwa jumla likitegemea mtambo wa nyuklia wa Bilibino, uliojengwa nchi kavu na kuanza kazi mwaka 1974. Mitambo hiyo ilikwisha zeeka. Tena vinu vilivyomo katika tishari, vya aina ya KLT-40S, vinatokana na vile ambavyo vimeendesha meli za Kirusi za kuvunja barafu kwa miaka mingi. Tangu tishari lilipounganishwa na gridi ya Pevek tarehe 19 Desemba, 2019, haijatangazwa ajali yoyote kubwa. Na wale waliolipachika jina la Chernobyl ya barafuni walitia chumvi: kinu kimoja cha tishari hilo huzalisha megawati 35, ambapo kile kilicholipuka Chernobyl mwaka 1986 kilikuwa cha megawati 1,000.

Hayo yote ni kweli, na mtu mwadilifu hana budi kuyakubali. Hakuna awezaye kumwambia mwalimu wa Pevek afundishe gizani, au muuguzi wa Pevek azalishe wanawake katika wodi isiyo na joto. Umeme ni haki ya watu wa kaskazini kama ulivyo haki ya watu wa kusini.

Lakini kukubali kwamba umeme unahitajika hakujibu maswali matatu ambayo watetezi huyaruka kila mara. Ni nani anayefaidi? Ni nani anayebeba hatari? Na ni nani aliyeulizwa?

BAHARI SI NCHI KAVU

Kwanza ni lazima ieleweke tofauti iliyopo kati ya mtambo ulio nchi kavu na ule unaoelea. Chernobyl ilipolipuka, serikali ya Kisovyeti iliweza kuleta mabasi zaidi ya elfu moja kuuhamisha mji wa Pripyat, na baadaye ikakusanya watu laki kadhaa wa kuzima, kufukia na kusafisha. Barabara zilikuwapo, reli ilikuwapo, na miji mikubwa haikuwa mbali. Je, Pevek mabasi hayo yatatoka wapi, nayo yatakwenda wapi? Bahari huganda sehemu kubwa ya mwaka. Katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Ndege huzuiwa na dhoruba.

Wala barafu ya bahari ile haijapata kuwa rafiki wa mabaharia. Katika vuli ya mwaka 1983 barafu iliyowahi kuliko kawaida ilizinasa meli nyingi katika maji ya Chukotka, na moja kati yao, Nina Sagaidak, ikapasuliwa na kuzama. Mtu anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya kale na kwamba vyombo vya siku hizi hutabiri hali ya hewa barabara. Lakini Novemba 2021 jambo lile lile lilitokea tena: meli zipatazo ishirini zilinaswa na barafu katika njia hiyo ya kaskazini, na meli za kuvunja barafu zikalazimika kutumwa kuziokoa. Ikiwa meli zenye injini na manahodha hunaswa, itakuwaje kwa tishari ambalo haliwezi kusogea hata hatua moja bila kukokotwa?

Yako mambo mawili yenye hatari zaidi katika maisha ya chombo cha nyuklia cha baharini. La kwanza ni kubadilisha fueli. Tarehe 10 Agosti, 1985, katika ghuba ya Chazhma karibu na Vladivostok, mafundi walikuwa wakibadilisha fueli ya nyambizi ya Kisovyeti ikiwa gatini. Kifuniko cha kinu kiliponyanyuliwa vibaya kinu kikalipuka, na watu kumi wakafa papo hapo. Kinu kile hakikuwa kikubwa. Haikuhitaji kuwa Chernobyl ili iue. Na shughuli ya namna hiyo hiyo, kubadilisha fueli ndani ya chombo kinachoelea, ni sehemu ya ratiba ya kawaida ya tishari la Pevek. Mwaka 2023 kinu cha kwanza kilibadilishiwa fueli.

La pili ni kukokota. Agosti 2003, nyambizi kuukuu K-159 ilikuwa ikikokotwa katika Bahari ya Barents kupelekwa kuvunjwavunjwa, ikiwa na vinu viwili na takriban kilo 800 za fueli iliyotumika. Dhoruba ikaja, maboya yaliyokuwa yakiishikilia yakang'oka, na nyambizi ikazama pamoja na watu tisa kati ya kumi waliokuwamo. Bado imo chini ya bahari. Sasa, fueli iliyotumika ya Akademik Lomonosov huhifadhiwa humo humo tisharini kwa miaka mingi, na mpango ni kwamba baada ya takriban miaka kumi na miwili tishari likokotwe kurudi kwenye karakana. Safari ya kwenda ilikuwa na fueli ambayo ilikuwa bado changa. Safari ya kurudi itakuwa na shehena kubwa zaidi ya mionzi, katika bahari ile ile, kwa kamba zile zile.

MAKABURI YA BAHARINI

Bahari ya Aktiki imekwisha geuzwa jalala mara nyingi kabla ya leo. Mwaka 1993 serikali ya Urusi yenyewe ilikiri, katika taarifa iliyoandaliwa chini ya mwanasayansi Aleksei Yablokov, kwamba kwa miaka mingi utawala wa Kisovyeti ulikuwa ukitupa takataka za nyuklia katika bahari za kaskazini. Makasha yapatayo 17,000 yalitoswa, pamoja na vinu vizima, baadhi vikiwa bado na fueli. Nyambizi nzima, K-27, ilizamishwa kwa makusudi mwaka 1982 karibu na visiwa vya Novaya Zemlya, katika kina cha mita thelathini na kitu tu. Katika ghuba ya Andreyeva, karibu na mpaka wa Norwei, maelfu ya fito za fueli iliyotumika yaliachwa katika maghala yanayovuja. Norwei ililazimika kutoa fedha zake kusaidia usafishaji, na kazi hiyo ya pamoja ikavunjika baada ya vita vya Ukraine vya mwaka 2022. Basi jirani alilipia taka asizozalisha, na hata hivyo kazi haikuisha.

Wala isidhaniwe kwamba dhambi hii ni ya Warusi peke yao. Aliyetangulia kuweka mtambo wa nyuklia wa umeme juu ya maji ni Marekani. Jeshi lake liligeuza meli ya mizigo kuwa mtambo ulioitwa Sturgis, na tangu mwaka 1968 hadi katikati ya miaka ya 1970 mtambo huo ulitoa umeme katika eneo la Mfereji wa Panama, katika nchi ya watu wengine. Ulifanya kazi kwa muda usiofika miaka kumi. Ulikaa karibu miaka arobaini ukingoja kuvunjwa. Kazi hiyo ilianza mwaka 2015 tu, huko Texas. Hesabu hiyo yafaa iandikwe ubaoni katika kila darasa: umeme wa miaka minane, mzigo wa miaka arobaini.

Huko huko Aktiki, Marekani ilijenga kambi ya Camp Century chini ya barafu ya Greenland, ikaiendesha kwa kinu cha nyuklia, na ilipoiacha mwaka 1967 ikaacha uchafu wake ukiwa umefukiwa barafuni. Januari 1968 ndege yake ya vita iliyobeba mabomu manne ya haidrojeni ilianguka juu ya barafu karibu na Thule, na plutoniamu ikatapakaa mahali ambapo Wainuiti huwinda. Na ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bering, ukitazamana na Chukotka, tangu mwaka 1958 Wamarekani walipanga kulipua mabomu ya nyuklia ili kuchimba bandari huko Cape Thompson, Alaska. Watu wa kijiji cha Point Hope walisimama wakakataa, na mpango ukawekwa kando mwaka 1962. Miaka thelathini baadaye ikagundulika kwamba udongo wenye mionzi ulikuwa umeletwa kutoka Nevada na kufukiwa kwa siri karibu na kijiji hicho hicho, kwa ajili ya majaribio.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika Aktiki nyasi zimeumia hata pale tembo walipokuwa wakipumzika.

CHAKULA CHA WANYONGE

Usemi huo hauna mzaha ndani yake. Wachukchi, Wasami na mataifa mengine madogo ya kaskazini hufuga kulungu wa nchi za baridi kama Wamasai wafugavyo ng'ombe. Kulungu hao, wakati wa baridi, hula kuvumwani, mimea midogo isiyo na mizizi, ambayo hunyonya chakula chake kutoka hewani. Kwa sababu hiyo kuvumwani hukusanya mionzi inayoanguka pamoja na mvua na theluji kuliko majani ya kawaida. Kulungu hula kuvumwani, binadamu hula kulungu, na sumu huzidi kukusanyika kila hatua.

Mwaka 1986 mvua iliyobeba sesiamu kutoka Chernobyl ilinyesha katika nchi ya Wasami, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwenye mlipuko. Maelfu kwa maelfu ya kulungu walichinjwa na nyama yao ikatupwa. Wasami hawakuwa wamewasha hata taa moja kwa umeme wa Chernobyl. Lakini walipoteza chakula, mapato na heshima ya kazi ya mababu zao. Kwa mtu wa mjini, nyama ikiharibika yuko mchuuzi mwingine. Kwa mfugaji wa tundra, nyama ikiharibika maisha yote yameharibika.

SIRI NI SUMU YA PILI

Watetezi husema: ajali ikitokea watu wataarifiwa. Historia haiungi mkono ahadi hiyo. Chernobyl ililipuka tarehe 26 Aprili. Walimwengu wakaanza kujua tarehe 28, kwa sababu vipimo vya mtambo wa Forsmark, nchini Uswidi, viligundua mionzi iliyoletwa na upepo. Hayo yalikuwa ya zamani. Lakini tarehe 8 Agosti, 2019, siku kumi na tano tu kabla ya tishari kuondoka Murmansk, mlipuko ulitokea Nyonoksa, kando ya Bahari Nyeupe, ukawaua wafanyakazi watano wa Rosatom. Utawala wa mji jirani wa Severodvinsk ulitoa tangazo kwamba mionzi ilikuwa imepanda kwa muda. Tangazo hilo likaondolewa upesi. Mwaka uliofuata, mjini Norilsk, tangi lilipasuka na tani zaidi ya 20,000 za dizeli zikamwagika mitoni, na viongozi wa jimbo wakasema walipata habari kamili kutoka mitandao ya jamii baada ya siku mbili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dizeli ina rangi na harufu, na bado ilifichika kwa siku mbili. Mionzi haina rangi wala harufu.

NANI ANAFAIDI?

Inasemwa kwamba tishari limepelekwa Pevek kwa ajili ya watu wa Pevek. Lakini jimbo zima la Chukotka, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 700,000, lina wakazi wasiofika 50,000. Watu wachache kiasi hicho hawahitaji msafara wa vinu. Wanaovihitaji ni migodi. Makubaliano ya mwaka 2021 yalihusu matishari mengine manne, yenye vinu vikubwa zaidi, kila moja la megawati 106, yatakayowekwa katika ghuba hiyo hiyo ya Chaun ili kulisha mgodi wa shaba wa Baimsky. Ujenzi wa umbo la kwanza ulianza China mwaka 2022. Shaba itakwenda sokoni, faida itakwenda kwa wenye hisa, na vinu vitabaki ghubani kwa Wachukchi.

Nchi hiyo inajua vizuri maana ya kubebeshwa mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wafungwa walichimbishwa urani katika milima iliyo karibu na Pevek, kwa ajili ya mabomu ambayo hawakuwa na sauti juu yake. Leo hakuna kambi, na si haki kulinganisha mfungwa na mfanyakazi mwenye mshahara. Lakini desturi ya kuamua mambo ya Chukotka mbali na Chukotka ingali hai.

Sheria nazo zimebaki nyuma. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa nyuklia, uliopitishwa Vienna mwaka 1994 ili kuzitaka nchi zitoe maelezo ya mitambo yao mbele ya wenzao, unahusu mitambo ya umeme iliyojengwa nchi kavu. Neno hilo moja, nchi kavu, linatosha kuliacha tishari nje ya mlango. Lau mtambo ungejengwa juu ya mwamba wa Pevek, ungehojiwa na mataifa. Kwa kuwa umefungwa gatini kwa minyororo, mita chache kutoka kwenye mwamba huo huo, mkataba hauugusi. Anayeshindwa kuona kasoro hapo hataki kuiona.

FUNDISHO KWA AFRIKA

Msomaji wa Dodoma au Kigoma anaweza kuuliza: haya ya barafu yanahusu nini Afrika? Yanahusu kwa sababu wauzaji hawakukusudia kuishia Pevek. Tangu mwanzo walitangaza kwamba matishari ya namna hiyo yatazifaa nchi za pwani na visiwa zinazopungukiwa umeme, na mwaka 2024 Rosatom ilitia sahihi na Guinea hati ya maelewano kuhusu mitambo hiyo. Yanahusu pia kwa sababu katika mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mwenye leseni ni kampuni iliyo chini ya shirika hilo hilo. Urani huanza safari yake katika udongo wa watu fulani na kuimaliza katika bahari ya watu wengine. Wanaoishi mwanzoni mwa safari hiyo wana wajibu wa kujua mwisho wake.

Hili si fundisho la kuukataa umeme wala kuukataa urafiki wa nchi yoyote. Afrika inahitaji nishati, na Bara lenye giza katika nyumba zake nyingi haliwezi kujenga viwanda. Fundisho ni kwamba mbuzi asinunuliwe ndani ya gunia. Afrika ilikwisha onja sumu ya wageni huko Koko, Nigeria, mwaka 1988, mapipa ya taka kutoka Italia yalipokutwa uani kwa mtu. Ndiyo maana Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996, ulipiga marufuku pia utupaji wa takataka za mionzi barani.

Basi, muuzaji atakapokuja na picha ya tishari jeupe linaloelea penye maji ya samawati, ofisa anayeandaa mkataba hana budi kumwuliza maswali machache kabla ya kufungua kalamu. Fueli iliyotumika itakaa wapi, na kwa miaka mingapi? Nani atalikokota tishari likichakaa, na nani atalipa? Wavuvi wa pwani hiyo wameulizwa, au wataarifiwa tu? Ikitokea hitilafu usiku, wananchi watajua baada ya saa ngapi, na kutoka kwa nani? Kama majibu hayamo ndani ya mkataba kwa maandishi, basi hayapo. Naye mwalimu ana kazi isiyo ndogo kuliko ya ofisa: kumfundisha mtoto kwamba sayansi ni kuuliza, na kwamba mtambo ukiwa mgeni zaidi ndivyo maswali yapaswavyo kuwa mengi zaidi.

Watu milioni tano wa St. Petersburg waliuliza, na fueli haikupakiwa kwao. Watu elfu tano wa Pevek hawakuwa na wa kumwuliza. Tofauti kati ya miji hiyo miwili haimo katika ubora wa kinu. Kinu ni kile kile.